Asishike Mtu Chuma

Simu iliita sikioni wakati pikipiki yake, Boxer, ikikata kona ya Tazara.

Marietha hakusimama. Aligusa kidude cha sikioni kwa kidole, mkono wa pili ukabaki kwenye usukani.

"Maharage yameungua," sauti ilisema.

Moyo wake ulipiga paa! kama mtu aliyegonga mlango na kukimbia.

"Sufuria gani?"

"La maji. Hawatamfuata njiani wala nyumbani. Watammaliza majini. Tumenasa maongezi yao sasa hivi. Wanasema itaonekana ajali, tena watu waliosimama pale watashangilia."

"Shikamoo Mzee. Watu watashangiliaje kifo?"

"Marahaba. Hata mie sijaelewa. Kimbia, mwanangu."

Simu ikakatika.

Marietha aliinamia usukani na kuingia Barabara ya Kilwa. Malori ya mizigo yalimpigia honi. Hakuyasikia.

Aliyepiga simu ni Mzee Albano, mkuu wa kitengo kimoja cha siri ambacho ofisi yake, ukiingia kwa mbele, ni duka la mapazia pale Mwananyamala. Mzee yule alikuwa na sauti ya upole kama ya mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. Akisema kimbia, ujue kuna jeneza linapimwa.

Na Marietha Komba, binti wa Kingoni kutoka Songea, mrefu, mkavu, mwenye kovu dogo juu ya nyusi, alikuwa jasusi asiyetishika kirahisi. Alishawahi kurushiwa risasi akiwa ameshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Lakini kila kiumbe kina kinachomlaza macho. Yeye alikuwa akiogopa umeme. Siyo kuogopa kidogo. Nyumbani kwake pasi huchomolewa kwa mkono uliofungwa khanga, na friji hufunguliwa kwa ncha ya kandambili. Utotoni friji ya baa ya mjomba wake ilimshika mkono ikakataa kumwachia, na tangu siku hiyo ladha ile ya chuma haijawahi kutoka mdomoni mwake.

Sasa anaambiwa ajali ya majini, na maji yakikutana na umeme hakuna anayetoka.

Mwenye kuwindwa aliitwa Gladness, karani wa godauni moja la Vingunguti. Alikuwa msichana mnene wa wastani, mcheshi, mpenda mihogo ya kukaanga. Alikuwa anakagua mashine za kusaga zilizotoka ng'ambo, akafungua moja iliyopinda mguu ili aone kama imevunjika, na ndani, badala ya mawe ya kusagia, akakuta bunduki zimepangwa kama dagaa kwenye kopo. Mwenye mzigo alikuwa mgeni mmoja aliyejiita Lorenz. Jumatatu Gladness alitakiwa kusimama mahakamani na kumnyooshea kidole. Bila kidole hicho hapakuwa na kesi, na bunduki zile zingepata mikono ya kuzishika.

Basi si angefichwa tu mpaka Jumatatu?

Alifichwa. Lakini alisema jambo moja, akalishikilia kama kupe. Kwamba hatasimama kuapa kwa kitabu kitakatifu akiwa na dhambi zake zote mgongoni. Abatizwe kwanza, maji mengi, azame mzima mzima, ndipo akaseme ukweli. Walimbembeleza. Wakamtisha. Akakataa kula. Mzee Albano akanyoosha mikono.

Na kanisa lake, kama makanisa mengi ya mjini yasiyo na kisima chao cha ubatizo, lilikodi bwawa la kuogelea la hoteli ndogo huko Kijichi, Jumamosi asubuhi.

Asubuhi hiyohiyo.

*

Marietha alipofika, waumini walikuwa wameshateremka kwenye Coaster. Matarumbeta yalikuwa yanapimwa. Akina mama walikuwa wamerundika khanga kavu juu ya meza ya plastiki, za kuwafunika watakaotoka majini, na chini ya meza kandambili zilipangwa mbilimbili kama za msikitini. Anga lilikuwa limefunga, jeusi upande wa bahari.

Bwawa lilikuwa zuri, la bluu, limetulia. Lilimtisha kama macho ya nyoka.

Aliiacha bastola yake, Glock 19, chini ya siti ya Boxer, imeviringishwa kwenye kitenge. Mkononi akabaki na kitu kidogo mfano wa rangi ya mdomo. Hiyo ilikuwa testa ya idara. Ukiisogeza karibu na kitu chenye umeme, hata bila kugusa, ncha yake inawaka nyekundu.

"Nurdin, unanisikia?" alinong'ona.

"Nakusikia, sista." Nurdin alikuwa mhandisi wa kitengo, kijana wa Kilwa, mpenda utani. Alikuwa njiani na Prado. "Foleni ya Rangi Tatu imenibana. Zunguka bwawa zima. Testa inasemaje?"

"Kimya."

"Taa za bwawani zimewashwa?"

"Hapana. Ni mchana."

"Basi ukimya huo usiuamini. Nisikilize. Bwawani kila chuma kinafungwa kwa waya wa shaba na chuma mwenzake. Ngazi, pampu, kikombe cha taa, mpaka nondo zilizomo kwenye zege. Vyote vinafanywa ndugu. Umeme ukivuja unawakuta wote sawa, hauoni pa kukimbilia. Halafu kuna ethi, inausindikiza umeme ardhini ili breka ianguke, umeme ukatike. Mtu akikata nyaya hizo, ndugu wametengana na breka haianguki. Maji yana umeme, ngazi imeshika ardhi. Atakayekuwa majini akashika ngazi, yeye ndiye anakuwa waya."

Marietha aliitazama ngazi. "Na akisikia mwili unamwashawasha?"

"Asishike chuma. Asisogelee taa. Asimame hapohapo, mwingine akazime. Lakini nani atasimama, sista? Mtu akiungua anakimbilia ngazi. Hapo ndipo..."

"Nyamaza, Nurdin."

Gladness alikuwa ameketi kwenye benchi, tayari ndani ya joho jeupe, amejaa furaha mpaka mashavuni. Marietha alimwinamia.

"Mdogo wangu, tuondoke. Sasa hivi. Wapo hapa."

"Dada Marietha, nyie kila siku wapo. Wapo dirishani, wapo kwenye chipsi. Leo niacheni na Mungu wangu."

"Utakufa."

"Ndiyo nakwenda kufa hivyo. Mtu wa zamani anakufa, anatoka mpya." Akacheka. "Kama una wasiwasi, njoo tuzame wote."

Kumbeba kwa nguvu mbele ya kanisa zima? Wangempiga mawe. Na muuaji angetoweka katikati ya makelele. Marietha alifikiri upesi, akatoka pale, akaenda kujiandikisha.

Msimamizi wa wabatizwa aliitwa Mama Bernadeta, mwanamke mpana wa Kihaya mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe shambani.

"Umeokoka lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Leo asubuhi! Bwana asifiwe, haya maji yatakukuta ungali moto." Alimpa joho. Akasimama mbele yake wakati anavaa, macho yakimkagua kama polisi wa bandarini. "Hereni toa. Saa toa. Hiyo mkononi nini?"

"Rangi ya mdomo."

"Ya mdomo! Unakwenda kuzikwa pamoja na Bwana wako, wewe unabeba rangi ya mdomo? Lete."

"Mama, hii naomba..."

"Lete! Na hicho cha sikioni?"

"Sikio langu bovu, mama. Bila hicho sisikii."

"Utaponywa majini. Lete."

Testa ikaingia kwenye kipochi cha Mama Bernadeta. Saa ikaingia. Nurdin naye akaingia, sauti yake ikiendelea kuongea peke yake humo ndani. Zipu ikafungwa.

Wataalamu wa idara walifikiria kila kitu. Walitengeneza testa ipite kwenye mageti ya viwanja vya ndege. Hakuna aliyefikiria Mama Bernadeta.

Marietha alitoka pale peku, mikono mitupu, joho likimgusa vifundo. Alijiona kama kuku aliyenyonyolewa.

*

Mstari ulisimama kando ya bwawa. Gladness alikuwa wa kwanza, aliomba mwenyewe. Marietha alikuwa nyuma yake.

Mchungaji Benson, mzee mwembamba mwenye kikohozi, alikuwa ameshaingia, maji yakimfika kifuani. Upande wa pili, kwenye kina, taa ilionekana ukutani chini ya maji, jicho la kioo lililofumba.

"Mpiga video yuko tayari?" Mchungaji aliuliza.

"Tayari, baba!" alijibu kijana mmoja mwenye kamera ya Sony begani.

"Huyo Didas ni baraka," Mama Bernadeta alimwambia Marietha kwa fahari. "Kajitolea. Kafika hapa toka alfajiri kupanga taa zake, hataki hata nauli."

Marietha alimtazama. Shati jeupe la pasi. Suruali nzuri. Na miguuni, mabuti ya mpira, yale ya machinjioni, yanayofika magotini.

Labda anaogopa mvua, alijiambia. Lakini macho yake yalianza kutafuta nyaya.

Gladness alishuka ngazi. Maji yakampokea. Watu wakapaza wimbo.

Marietha alisogea akainamia kichwa cha ngazi bila kukigusa, ajifanye anachungulia. Macho yake yakateremka mpaka pale chuma kilipozama kwenye zege. Palikuwa na waya wa rangi ya kijani na njano, umetambaa ukiingia chini ya vigae. Ulikuwa umekatwa. Mkato safi, shaba ikimeta kama jino jipya la dhahabu.

Dar, kukatwa waya wa shaba si habari. Vijana wa vyuma chakavu wanakata kila kukicha. Mtu yeyote angesema ndiyo hao, na kesho redioni ingetangazwa hivyohivyo.

Lakini waya wenyewe ulikuwa umebaki. Wote. Umelala palepale.

Mwizi wa shaba haachi shaba.

"Mchungaji!" alianza.

"Jamani, giza hili!" sauti ya Didas ilimfunika. "Picha haitatoka. Ngojeni niwashe taa za bwawani, maji yang'ae kama kioo, video ipendeze!"

"Washa, baba, washa!" akina mama wakaitika.

Didas alishafika mlango wa chumba cha pampu. Mkono wake ukaingia ndani.

Jicho la kioo likafumbuka.

Bwawa zima liliwaka bluu. Watu wakasema aaah! Lilikuwa zuri kweli. Na hapohapo mabega ya Gladness yakaruka.

"Mchungaji... nasikia kitu."

"Unasikia nini, binti?"

"Kinatembea mwilini. Kama... kama moto!"

Mchungaji Benson alikuwa naye anatetemeka, midomo ikicheza. Uso wake ulijaa mshangao, kisha ukajaa machozi.

"Hata mimi! Nausikia! Kanisa, moto umeshuka!"

"Moto!" umati ukalipuka. "Pokea! Pokea moto!"

Matarumbeta yakalia. Mama mmoja akaanguka kwa furaha. Wabatizwa wa nyuma wakaanza kusukumana waingie, nao wasiukose.

Marietha akaelewa. Waombolezaji wenyewe watashangilia.

"Umeme!" alipiga kelele. "Ni umeme!"

"Amina!" Mama Bernadeta alijibu, mikono juu. "Umeme wa mbinguni!"

Marietha alitazama miguu yake peku. Ladha ile ya chuma ilimjaa mdomoni. Zege chini ya nyayo zake lilikuwa limelowa, na kila alichojifunza katika maisha yake kilimwambia kitu kimoja tu. Rudi nyuma. Rudi nyuma mpaka getini.

Gladness hakuwa anacheka tena. Maumivu yalikuwa yamemfikia. Aligeuka, akaiona ngazi, akanyoosha mkono kama mtoto anayemkimbilia mama yake.

Kumwita hakungefaa, asingesikia katika kelele zile. Kumwambia ni hatari, nani angeamini? Marietha alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Akainua mikono yote miwili, akatoa sauti ambayo hakujua anayo.

"BWANA ANASEMA SIMAMA!"

Tarumbeta moja likakatika katikati.

Kanisa lile linajua kunyamaza neno linapotoka. Watu waliganda kama waliomwagiwa maji ya barafu.

"Anasema asishike mtu chuma! Anasema Gladness simama hapo ulipo! Benson mtumishi wangu, simama! Mwingine asiingie! Mpaka niwape ishara!"

"Sema, Bwana," Mchungaji alinong'ona kwa meno yanayogongana. Akamshika Gladness kiuno na kumzuia. Mkono wa msichana ulibaki hewani, shubiri moja kutoka kwenye chuma.

Marietha alikuwa ameshaanza kukimbia.

Didas alimwona. Kamera ikatupwa chini, na mkononi ikachomoza Makarov, nyeusi, fupi. Marietha alinyakua kiti cha plastiki bila kupunguza mwendo, akakitanguliza miguu mbele. Risasi ilipasua kalio la kiti. Miguu ya kiti ikamkandamiza Didas ukutani, kiwiko cha Marietha kikamwingia chini ya kidevu, bastola ikateleza sakafuni mpaka chini ya pampu.

Didas alitema damu. Akacheka.

"Haya, sista. Ingia uzime."

Akampiga kikumbo, akatimua mbio kuelekea getini.

Marietha alitaka kumfuata. Lo, jinsi alivyotaka kumfuata! Mtu wa nyama na damu, hilo analiweza.

Aligeuka kutazama chumba cha pampu.

Sakafu ilikuwa na maji ya vidole viwili. Boksi la umeme lilikuwa wazi, kifuniko kimeng'olewa, shaba tupu zimechomoza kama mbavu za mbwa. Breka ya usalama ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Juu kabisa ilikuwa swichi kubwa ya mkono, na mpini wake umevunjwa, kimebaki kisiki cha chuma. Vyote vilivuma. Mmmmmm.

Yeye yuko peku. Joho limelowa.

"Dada!" Mchungaji aliita kutoka majini. "Miguu inakufa ganzi! Siwezi kusimama tena!"

"Dada Mariethaaa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Gladness. Haikuwa na furaha yoyote.

Alilia. Ndiyo, jasusi alilia, machozi ya mtoto aliyeshikwa na friji. Lakini mikono ilikuwa inafanya kazi. Nje ya mlango kulikuwa na kreti la soda, tupu, kavu. Alilisukumiza ndani. Chini ya meza ya khanga alichomoa kandambili moja nene, akaifuta kwa khanga mpaka ikalia. Akapanda juu ya kreti. Kreti likayumba. Akakunja mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama walivyofundishwa, asije akashika ukuta.

Vinyweleo vya mkono vilisimama vyenyewe.

Mama yangu, alisema moyoni, kama ni leo, basi iwe upesi.

Akapiga kisiki kwa kisigino cha kandambili. Hakikushuka. Cheche ya bluu iliruka, harufu ya kuungua ikamjaa puani. Alifumba macho, akapiga tena, kwa uzito wa mwili wote.

Tak!

Mvumo ukafa.

Nje, jicho la kioo likafumba. Watu hawakushangilia. Kilichosikika ni sauti ya msichana akilia kwa kwikwi, na hakuna wimbo uliowahi kumpendeza Marietha kama kwikwi zile.

*

Mabuti ya mpira hayakutengenezwa kwa mbio. Didas alifika getini akiyaburuza kama bata, na geti likafunguliwa kutoka nje na bampa la Prado.

"Habari za shughuli, braza," alisema Nurdin, Glock yake mwenyewe ikiwa imelala juu ya kioo cha mlango. "Lala chini. Taratibu, usichafue shati."

Didas alikuwa bado hajapiga simu kumwambia Lorenz kazi imekwisha. Nurdin alimwachia aipige. Lorenz alipokea, akafurahi, akaongea kwa urefu mpaka simu ikaonyesha alipo, na alipokuwa bado anaongea, watu wa Mzee Albano walishaingia mlango wa mbele na wa nyuma wa godauni la Vingunguti.

Bwawani, Nurdin alipima kila chuma, akakata waya wa taa kabisa, akafunga swichi kubwa kwa kufuli.

Mchungaji Benson alikuwa ameketi chini, amefunikwa khanga mbili.

"Tutaahirisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Siahirishi," alisema Gladness. Meno yalikuwa yanagongana. Alitazama maji, akarudi hatua nyuma, akatazama tena. "Jumatatu naapa. Lakini... jamani, naogopa. Miguu haitaki."

Hakuna aliyesogea. Nani angesogea?

Marietha alimtazama Nurdin.

"Safi?"

"Safi, sista. Kwa neno langu na la testa niliyokuja nayo."

Alikwenda kwenye ngazi. Akasimama kidogo, watu wote wakimwangalia. Kisha akaweka mkono wake wa kulia, mtupu, uliolowa, juu ya chuma, akakikamata. Akashuka ngazi hiyohiyo, kidaraja kwa kidaraja, mpaka maji yakamfika kifuani.

Akamnyooshea Gladness mkono wa pili.

"Njoo, mdogo wangu."

Gladness alikuja. Mchungaji akaja nyuma yake akikohoa. Msichana akazama, joho likaelea kama ua, akaibuka akitema maji na kucheka na kulia, na safari hii walioimba waliimba polepole, kwa sauti za watu walioona kaburi likifungwa bila mtu ndani.

Mchungaji alimgeukia Marietha, mkono tayari umeinuliwa.

"Na wewe, mtumishi? Umeshafika."

"Ahsante, baba. Mie bado niko kazini."

Alipanda ngazi. Mama Bernadeta alikuwa anamsubiri na khanga kavu, akamrudishia saa, hereni, na kidude cha sikioni, vyote kwa mikono miwili. Rangi ya mdomo aliishikilia kidogo.

"Hii," alisema, "ndiyo ingetuambia?"

"Ndiyo, mama."

Mama Bernadeta aliiweka kwenye kiganja cha Marietha, akakifunga kiganja hicho kwa vidole vyake vinene, akageuka kwenda kukunja khanga.

Matone ya kwanza ya mvua yalianza kupiga. Marietha alikatiza uani na joho lake linalochuruzika, hakugeuka nyuma. Sikioni, Mzee Albano alikuwa anakohoa kidogo, kama anavyofanya kabla ya kutoa amri nyingine.

"Mwanangu, uko tayari kwa safari ya Ubungo?"

"Nakuja, Mzee."

Alikaa juu ya Boxer. Pale kwenye usukani kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, pikipiki inawaka kwa umeme wa betri.

Hakukigusa. Alikunjua kiki, akapiga kwa mguu, akaondoka.